Gia ya Kupandia kwa Mama

11 Januari

Mdogo wangu Kifungo,

Salamu zitangulie, maana nakujua, ukifika mstari wa tatu hujasalimiwa unaitupa barua. Mimi mzima. Duka lipo, paa linavuja pale pale juu ya benchi la kazi, na jirani yangu muuza magodoro bado anafungulia redio mpaka mtu unasahau ulikuwa unafungua nati gani. Wewe na cherehani yako mnaendeleaje? Mama je? Na usinijibu "tunamshukuru Mungu" halafu basi, kama unavyowajibu wateja. Niambie anakula nini.

Sasa sikiliza. Nimeishusha baiskeli ya Baba ukutani.

Ndiyo, ile. Fremu, magurudumu, usukani, kila kilichoning'inia kwenye misumari miaka sita nimekitandaza juu ya gunia nakisugua kwa mafuta ya taa. Kutu ipo, ila si ya kufa mtu. Naijenga upya, Kifungo. Nikimaliza nakuja nayo huko juu, nimeipanda, mpaka mlangoni kwa Mama.

Unakumbuka alivyosema, ulikuwepo umeshika beseni. Nilikuwa nimeifungua baiskeli yote kipande kipande, udongo wa kaburi la Baba haujakauka, najidai naifanya iwe kama mpya. Mama akatoka akaona mifupa ile imetapakaa uani. "Usinikanyagie mlango wangu mpaka uje umepanda baiskeli ya baba yako, nzima kama alivyoiacha." Sijaukanyaga tangu siku ile. Watu wanasema nina kiburi. Mimi nasema mama akisema amesema.

Kwa hiyo naiweka kama alivyoiacha. Mbele sahani mbili za mnyororo, ya meno hamsini na mbili na ya meno arobaini na mbili. Nyuma friwili yake ya mashindano, ndogo kama kisosi, ambayo gia yake kubwa kuliko zote ina meno ishirini na moja tu. Hizo ni gia za wanaume. Baba alipanda nazo mlima wenu kila Jumamosi akitoka kazini huku bondeni, na hakuwahi kushuka hata mara moja. Hadithi hiyo tumelelewa nayo kuliko uji.

Naomba kitu kimoja. Chini ya kitanda cha Mama kuna kopo la vipuri vya Baba. Nitafutie boliti inayoshika krenki ya kushoto, ule mkono wa pedali, umpe Kipara dereva wa basi aniletee. Mama asijue. Nataka asikie kengele tu.

Kaka yako,
Spoku

2 Februari

Kaka Spoku,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakaa chini. Sisi tupo. Mkanda wa cherehani umekatika nimeuunga kwa kamba ya kiatu, na sare za shule zote zimeniangukia mwezi huu, mpaka nikilala naota kola.

Umeuliza Mama anakula nini. Uji. Asubuhi uji, jioni uji, na nusu ya bakuli namalizia mimi. Ngazi za uani hashuki tena. Kitanda chake tumekihamishia dirishani aone barabara, na hapo ndipo anaposhinda.

Siri yako haikufika hata jioni. Mimi nimeinama chini ya kitanda, mwenyewe yuko juu yake, ulitegemea nini? Akauliza, "Unatafuta nini huko?" Nikasema panya. Kopo likalia kwacha! Akasema, "Siku hizi panya wanakula boliti?" Ikabidi niseme yote. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaniambia niandike, nami naandika kama alivyotamka: "Mwambie yale yalikuwa maneno ya hasira. Mtu akifiwa na mume husema. Mimi nataka mwanangu, baiskeli nitaifanyia nini?"

Umesikia kwa masikio yako? Basi linatoka hapo sokoni kwenu mchana, jioni uko hapa. Njoo mikono mitupu. Njoo hata na hilo gunia.

Boliti hii hapa, nimeifunga kwenye kitambaa. Sijaituma ili ujenge. Nimeituma ili ukose kisingizio.

Dada yako,
Kifungo

27 Februari

Kifungo,

Marahaba, na pole ya mkanda. Nakutumia kipande cha ngozi, kikate kwa upana wa kidole, kitakaa kuliko kamba ya kiatu. Huku joto limezidi, hata gundi ya viraka haikauki.

Maneno ya Mama nimeyapokea. Nimelia nayo nyuma ya duka, sikufichi, muuza magodoro akadhani nimefiwa. Lakini nielewe. Nikija na basi nitakuwa nimesamehewa tu. Nikija na baiskeli nitakuwa nimerudisha nilichochukua. Si kitu kimoja.

Imesimama sasa. Inang'aa. Wateja wanaingia wanaiuliza bei nawafukuza. Nimeijaribu kwenye kilima cha nyuma ya kiwanda cha matofali, na hilo sitaki kulizungumza.

Nizungumze gia. Meno mengi nyuma, mguu mwepesi na mwendo wa konokono. Meno machache, unakwenda kama umeibiwa, lakini mlimani goti linalia. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake angesema punguza mbele au ongeza nyuma. Mbele haipungui: krenki ya Baba matundu yake ya boliti yamekaa mbali mbali, sahani ndogo kuliko ya arobaini na mbili haiingii hata uisomee dua. Nyuma ningeweza kufunga friwili ya meno ishirini na nane, ingekuwa raha. Ila kile kimkono kinachouhamisha mnyororo ni cha mashindano, kifupi, kitaigonga gia kubwa namna hiyo. Ninacho kirefu hapa, nimekitoa kwenye baiskeli ya mizigo. Nikikifunga napanda popote.

Lakini hapo nimebadilisha friwili, nimebadilisha kimkono, nimebadilisha mnyororo. Mama alisema baiskeli ya baba yako. Hakusema inayofanana nayo. Na Baba alipanda na ishirini na moja. Mimi ni nani nimzidi kwa kudeka?

Nipe wiki chache nifikirie. Msalimie sana. Mwambie imesimama.

Spoku

20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Ngozi imefaa, ahsante. Habari za nyumbani nitazifupisha leo, nisije nikaloanisha karatasi.

Daktari alikuja. Aliongea na mimi ukumbini, mlango wa Mama ameurudisha kwanza. Aliyoyasema siyaandiki, maana nikiyaandika yatakuwa kweli. Wewe ni mtu mzima, yajaze mwenyewe.

Sasa nikuulize. Barua zako zinapanda basi. Boliti imepanda basi. Ngozi imepanda basi. Kipara anapanda basi kila siku na ana mgongo mbovu. Wewe una nini kaka yangu, hata kiti cha basi kikushinde? Mama hapimi meno ya friwili. Funga ishirini na nane, funga mia, funga magurudumu ya cherehani yangu ukitaka. Mimi fundi nguo: nguo ikimbana mtu naiachia mshono, haiwi nguo ya mwingine. Iachie hiyo baiskeli!

Kila jioni basi likipita ananiuliza, "Ameshuka nani?" Namtajia walioshuka. Anasema, "Haya." Hilo "haya" lake, Spoku, linaniua.

Nilikasirika nikataka kukuandikia matusi. Nimeyaacha. Njoo.

Kifungo

14 Aprili

Kifungo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Wewe umeficha lako ukumbini, nami nina langu. Nilitoe.

Goti langu la kulia limekufa. Lilianza mwaka juzi nilipodondoka na kreti la spana, likavimba, likapoa, likavimba. Sasa nikipiga pedali kwa nguvu linajaa kama mkate. Kilima cha matofali sikufika hata nusu yake. Nilianguka na baiskeli ya Baba juu yangu, watoto wa shule wakaninyanyua. Mimi, mtoto wa yule ambaye hakuwahi kushuka. Niliona haya kukwambia, ndiyo maana nikawa nakuandikia matundu ya boliti.

Nimetafuta kisingizio cha kubadilisha gia bila kubadilisha baiskeli, na nimekipata. Mdomo wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma ni mrefu. Ukilivuta gurudumu nyuma kabisa ukaongeza vipande viwili vya mnyororo, gia inasogea mbali na kimkono, na hata kile kifupi cha Baba kitaimeza ishirini na nane. Kinakwangua kidogo, lakini kinameza. Kinabaki kimkono chake, krenki yake, sahani zake. Friwili tu ndiyo ngeni, na hiyo haionekani ukiwa dirishani.

Ila friwili ya aina hiyo yenye nyuzi za zamani za kufungia hapa mjini haipo. Mzee mmoja mnunua vyuma chakavu, mji wa pili kutoka hapa, ameniwekea. Kesho nafunga duka naifuata. Nikirudi naifunga, nakuja. Kweli safari hii.

Mwambie Mama avute subira kidogo. Mwambie nakuja nimeipanda.

Spoku

19 Aprili

Kaka,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, sikungoja kuingia. Pole na goti. Mjinga wewe! Pole sana.

Salamu utanidai siku nyingine. Nilimsomea Mama barua yote, na la goti pia, maana nimechoka kuchuja. Nilipofika "mtoto wa yule ambaye hakuwahi kushuka" akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akafumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema:

"Baba yenu alikuwa anashuka."

Nikasema, Mama, umesemaje? Akasema: "Kila Jumamosi. Pale chini kwenye daraja dogo anashuka, anasukuma mlima mzima, anasimama mara mbili kujifuta jasho. Akifika kona ya mwisho anajikung'uta vumbi, anapanda, ndipo anatokea hapa anapiga kengele. Alidhani dirisha hili halioni mpaka chini. Linaona. Nilijua tangu Jumamosi ya kwanza. Ningemwambia ningemvunja moyo. Kwa hiyo nikawa natoka namuuliza, 'Leo tena hukushuka?' Naye anasema, 'Nishuke, nimekuwa mgonjwa?'"

Alicheka, kaka. Kicheko kidogo, hana pumzi ya zaidi. Akasema, "Wanangu wanaume wote wawili wajinga," na kwa wa pili alimaanisha mumewe. Halafu: "Mwambie hakuna mtu aliyewahi kuupanda mlima huu kwa gia ile. Asukume kama baba yake. Ila awahi."

Awahi, amesema. Sijaongeza neno langu. Daktari alisema wiki, hakusema miezi, sasa nimeiandika na imekuwa kweli.

Acha friwili. Acha duka. Kipara ameniahidi atakupa barua hii mkononi. Panda naye akigeuza.

Kifungo

26 Aprili

Spoku,

Kipara anasema ile ya kwanza alikuta umefunga, akaisukumiza chini ya mlango. Na hii atafanya hivyo hivyo. Uko wapi?

Siandiki habari hii kwenye karatasi. Njoo tu.

K.

6 Juni

Mdogo wangu,

Nimefika salama, na Kipara alikataa nauli yangu, unishukurie ukimwona. Huku kila kitu kipo kama nilivyokiacha. Muuza magodoro alizima redio aliponiona, na hiyo ndiyo rambirambi yake. Wewe unakula? Usiniambie uji.

Siku zote zile nilizokaa kwako hatukuongea, tulikuwa tunapisha watu na kuosha vikombe. Wewe hukuniuliza nami sikusema. Nakuandikia sasa, maana sisi tumeshazoea kuambiana kwa karatasi, na huenda huo ndio ugonjwa wetu.

Barua yako fupi nimeikuta leo chini ya mlango nilipofungua duka. Ile ndefu niliisoma siku ile niliporudi na friwili. Yule mzee wa vyuma chakavu alikuwa amesafiri, nilimngoja barazani kwake, siku zikaenda, nikijisemea nimeshafika, nirudi mikono mitupu? Nikaipata. Nikarudi, nikaisoma barua yako nimesimama, begi bado begani.

Utauliza kwa nini sikukimbilia basi. Uliza, una haki. Kifungo, nilifurahi. Unanielewa? Umeniandikia awahi, umeniandikia wiki, na mimi nilichokisikia ni kwamba Baba alikuwa anasukuma. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Miaka yote nimejiona mtoto wa kiume asiyefikia kisigino cha baba yake, kumbe kisigino chenyewe kilikuwa kinatembea kwa miguu! Nikasema sasa naweza kuja. Nitakuja kama yeye hasa, Mama atacheka, ataniuliza lile swali. Nilifunga friwili, nikavuta gurudumu nyuma, nikaongeza vipande viwili vya mnyororo, nikaondoka. Basi la Kipara lilinipita njiani. Alipiga honi, nikampungia mkono. Nadhani ndilo lililokuwa linarudi kuleta barua yako ya pili.

Njia ya tambarare ile gia ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Nililala kwa watu, asubuhi nikaendelea. Kwenye daraja dogo nikaanza kupanda, na hata ishirini na nane ilinishinda. Nimezunguka miezi miwili nayo, imenishinda kabla ya mti wa kwanza. Nikashuka. Na ukishuka pale, Kifungo, huoni aibu yoyote. Barabara haina mtu. Unasukuma, goti linatulia, usukani umeushika kwa mkono mmoja kama unamshika mtoto anayejifunza kutembea. Nilikuwa na furaha mlima mzima. Hilo ndilo sitajisamehe. Ninyi mlikuwa mmeshatoka makaburini jana yake, na mimi nasukuma huku napiga mluzi.

Nilisimama mara mbili kujifuta jasho. Kwa makusudi.

Kona ya mwisho nikajikung'uta vumbi. Nikachomekea shati. Nikapanda, nikakaa wima, nikapiga kengele kwa nguvu zote kabla hata ya kutokea, kisha nikatokea nimeinua uso kuangalia dirishani.

Lilikuwa limefungwa. Mlangoni viatu vimejaa.

Ulitoka ukanikuta nimekaa juu ya baiskeli katikati ya ua, mguu mmoja chini, sishuki. Uliniita jina sikuitika. Ulinivuta mkono sikushuka. Watu walisema ni mshtuko, mwache. Haukuwa mshtuko, mdogo wangu. Viatu nilikuwa nimeviona, nimeelewa yote. Ila nilikuwa nimefika nimeipanda, nzima kama alivyoiacha, na nilikuwa bado nangoja atoke aniulize kama leo nimeshuka.

Kaka yako,
Spoku